Mabishano ya Kulabuni

Kiswahili kimeubebesha moyo mzigo usiobebwa na kiungo kingine chochote. Moyo hupenda, huchoka, huvunjika, huwa mgumu, na aliyefiwa huambiwa aupige konde. Lakini mtu huyo huyo ukimuuliza ni nani anayeupigisha moyo wake, atagusa kipaji cha uso na kujibu bila kusita: ubongo. Nami niseme mapema ninakoegemea: jibu hilo si kweli, na si kosa dogo, kwa sababu anayeudhania moyo kuwa mtumwa wa kichwa hawezi kuelewa unavyoharibika wala unavyotibiwa. Ushahidi umo katika mabishano yanayofuata, yaliyotokea (ikiwa vitu vya buchari vinaweza kubishana) katika duka moja la nyama kando ya barabara ya kutoka Nakuru kwenda Nyahururu, pale Bahati, usiku ambao stima zilipotea. Waliokuwapo ni Kichwa cha kondoo, juu ya kaunta, akingoja kuchomwa manyoya asubuhi aingie kwenye supu. Moyo wa kondoo huyo huyo, ametundikwa kwenye kulabu baina ya maini na mapafu. Mita ya tokeni, ukutani. Tumbili, aliyeshuka kutoka msitu wa Bahati akapenya kwenye uwazi wa mabati. Na Panya, ambaye si wa magunia bali ni yule mkubwa wa msituni mwenye manyoya meusi na meupe mgongoni. Mizani pia alikuwapo, ila Mizani hasemi mpaka awekewe kitu.

Kichwa: Wananchi wenzangu, kabla hatujatafuta mshumaa tutafute ukweli. Giza hili limekuja kwa sababu makao makuu yamenyamaza. Nguvu hutoka juu, hushuka kwa waya, humfikia mwananchi wa chini. Ndivyo ilivyo katika nchi, na ndivyo ilivyokuwa katika mwili wetu. Mimi nilitoa amri, huyu kijana wa kwenye kulabu akatekeleza. Tangu alfajiri nilipotengwa na shingo, nani amemsikia akipiga? Ushahidi gani mwingine mnautaka?

Moyo: Kwa heshima zako, mzee, hukuwa karibu. Aliyenitoa kifuani aliniweka kwenye beseni, na humo niliendelea kutukutika kwa muda, wewe ukiwa umeshawekwa upande wa pili wa banda na ulimi nje. Kila mchinjaji ameliona jambo hilo na hakuna anayelitangaza. Nilinyamaza kwa kukosa damu yenye hewa na joto, si kwa kukosa amri. Mwaka 1895 Mjerumani mmoja, Oskar Langendorff, aliitoa mioyo ya wanyama kama sisi, akaifunga mrija kwenye mshipa mkubwa na kuipitishia damu, nayo ikaendelea kupiga mezani bila kichwa hata kimoja chumbani isipokuwa cha Langendorff mwenyewe. Ukitaka ushahidi wa karibu zaidi, chukua yai lililoatamiwa na uliangaze kwa tochi siku ya tatu au ya nne: utaona kitone chekundu kinadunda. Kilianza kudunda siku ya pili, kabla mshipa wowote wa fahamu haujakifikia. Na tangu tarehe 3 Desemba 1967, Christiaan Barnard alipopandikiza moyo wa mtu mmoja kwenye kifua cha mwingine kule Cape Town, maelfu ya watu wameishi na mioyo ambayo mishipa yake ya fahamu ilikatwa kwa kisu siku ya upasuaji. Mioyo hiyo haikusubiri barua kutoka kwako.

Kichwa: Hiyo ni mifano ya kwenye maabara. Mimi nasema ya mitaani. Mtu akikutana na nyati jioni katika njia ya msitu wa Dundori, moyo wake hauendi mbio? Nani aliyemwona nyati, macho au maini? Na wale wanariadha wanaojifua pale Nyahururu, mapigo yao wakipumzika ni machache kuliko ya mwenye buchari hii. Ni nidhamu ya kichwa hiyo!

Moyo: Hapo una sehemu ya haki, na nitakupa yote unayostahili. Umewahi kumwona abiria wa bodaboda? Humwambia dereva apunguze mwendo, ana mtoto nyumbani. Au aharakishe, amechelewa. Dereva husikia. Lakini abiria hajawahi kuwa injini. Mshipa wako mrefu unaoshuka shingoni ni breki yangu, na hofu yako humwaga homoni inayoniongezea mwendo. Ndiyo maana moyo uliopandikizwa, ukiwa umekatiwa breki hiyo, hupiga karibu mara 90 hadi 110 kwa dakika mwenyewe akiwa amekaa tu: bila wewe siendi polepole, naenda haraka zaidi. Kuhusu wanariadha, hata huko umejipa sifa zisizo zako. Watafiti wa Manchester waliwafanyisha panya mazoezi, wakazuia mishipa ya fahamu, na mapigo yakabaki machache vilevile. Walieleza mwaka 2014 kwamba mazoezi yalikuwa yamebadilisha seli zenyewe za mahali mapigo yanapoanzia. Mkimbiaji wa kule juu huenda hajaupa moyo wake amri mpya. Ameubadilisha.

Mita, ambaye taa yake nyekundu ilikuwa imezimika tangu saa mbili, alikohoa kikohozi cha mtu wa serikali.

Mita: Mimi nashughulika na umeme tu. Ukisema hutegemei amri ya kichwa, basi unajizalishia umeme wako. Ulipimwa na nani? Maana umeme usiopimwa hauna bili, na usio na bili haupo.

Moyo: Nimepimwa, bwana, na kwa mikogo. Mwaka 1887 Augustus Waller alionyesha London kwamba umeme wa moyo wa mtu unaweza kuchukuliwa juu ya ngozi, bila kumchana. Baadaye alizoea kuwaonyesha watu mbwa wake, Jimmie, akiwa amesimama na miguu ndani ya vyombo vya maji ya chumvi, waya zimetoka humo kwenda kwenye mashine. Mwaka 1909 jambo hilo lilifika bungeni Uingereza, mbunge mmoja akitaka kujua kama mbwa huyo hateswi, na waziri akalazimika kueleza kwamba chumvi ile ni chumvi tu. Willem Einthoven wa Uholanzi akatengeneza mashine iliyo sahihi zaidi, ikiwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo inabebwa kwa mkono. Lakini angalia kilichopitisha umeme kati ya mbwa na waya: chumvi. Hapo ndipo penye siri yote.

Mita: Chumvi haizalishi stima. Stima hutoka Olkaria.

Moyo: Sikiliza kwanza. Seli moja ya misuli yangu ni kifuko chembamba cha mafuta kilichojaa maji ya chumvi, na nje yake kuna maji mengine ya chumvi. Chumvi hizo hazifanani. Nje imejaa sodiamu, ile ya chumvi ya mezani. Ndani imejaa potasiamu, ile iliyo nyingi kwenye viazi vinavyolimwa hapa Bahati. Katika utando wa kifuko kuna pampu ndogo zisizolala, ambazo kila zamu hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, zikila sehemu ya chakula cha seli kwa kazi hiyo tu. Potasiamu nayo ina mahali pa kuvujia nje, na ikitoka huondoka na chaji yake, ndani kukabaki upungufu wa takriban milivolti 90. Najua unacheka, betri ya tochi ni volti moja na nusu. Lakini utando wenyewe ni mwembamba mno, na ukigawanya milivolti hizo kwa unene wake utapata msongo mkubwa kuliko ule unaoipasua hewa ikawa radi. Basi seli imekaa hivyo, imetegwa kama mtego (samahani, Panya). Jirani akiigusa kidogo, milango ya sodiamu hufunguka na sodiamu kumiminika ndani, na kilichokuwa hasi kikawa chanya kabla hujatamka neno. Ndipo milango ya kalisiamu inafunguka. Kalisiamu kidogo inayoingia huamsha akiba kubwa ya kalisiamu iliyofichwa ndani, na hiyo ndiyo inayokaza misuli. Hali hiyo hushikiliwa kwa karibu robo ya sekunde, ilhali mshipa wa fahamu humaliza wake kwa milisekunde moja au mbili. Mwishowe potasiamu hutoka, seli hulegea, mtego hutegwa tena.

Kichwa: Maneno mengi. Kalisiamu ni ya mifupa, kila mtoto wa shule anajua.

Moyo: Daktari Sydney Ringer naye hakuiwazia. Mnamo 1882, London, alikuwa akiuweka moyo wa chura ndani ya maji yenye chumvi ya kawaida, nao ukipiga vizuri kabisa, akahitimisha kwamba chumvi ya mezani inatosha. Baadaye akagundua kwamba maji yaliyotumiwa hayakuwa yale yaliyokenekwa bali yalikuwa ya bomba la mjini, yenye kalisiamu yake. Alipotumia maji safi kweli, moyo ulisimama. Mwaka 1883 akaandika kusahihisha maneno yake mwenyewe hadharani. Viongozi wa aina hiyo ni wachache, mheshimiwa.

Mita: Na waya? Umeme wa seli moja unafikaje kwa nyingine bila nguzo?

Moyo: Kwa ujirani. Seli zangu zimeshikana ncha kwa ncha, na pale zinaposhikana kuna vijia vidogo vya protini ambavyo chaji hupita kutoka maji ya ndani ya hii hadi maji ya ndani ya ile. Ni moto wa nyasi. Mnaujua moto wa kiangazi kwenye kingo za Menengai: hakuna anayeubeba. Kila unyasi mkavu huwashwa na wa jirani, huwasha wa mbele yake, na nyuma hubaki jivu ambako moto hauwezi kurudi. Kwangu jivu hilo ni ule muda mfupi ambao seli iliyokwisha kuwaka haiwashiki tena, hata ikichochewa vipi. Tofauti yetu ni kwamba nyasi zangu huota upya kabla ya sekunde moja kwisha.

Tumbili alikuwa amemaliza mahindi aliyokuwa akitafuna. Alifuta midomo, akasogea karibu na kaunta kwa adabu iliyozidi kidogo.

Tumbili: Wazee wangu, ukoo wetu una historia na mambo ya stima. Tarehe 7 Juni 2016 jamaa yangu mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kule mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikakatika, mashine nyingine zikaelemewa, megawati 180 na zaidi zikapotea, na Kenya ikaingia gizani kwa zaidi ya saa tatu. Jamaa yangu alitoka mzima. Sasa nauliza, mzee Moyo: ndani yako nako, tumbili mmoja akianguka mahali pamoja, kaunti zote huzimika?

Moyo: Inategemea ameangukia wapi. Mapigo huanzia kwenye kifundo kidogo kilicho ukutani mwa chumba changu cha juu cha kulia, pale mshipa mkubwa unaorudisha damu unapoingilia. Kilionekana kwanza ndani ya moyo wa fuko, katika uchunguzi wa wanasayansi wawili wa Uingereza, Arthur Keith na Martin Flack, uliochapishwa mwaka 1907. Fuko wa Ulaya, si huyu anayemaliza viazi vyenu. Seli za kifundo hicho zina tabia ya pekee: hazijui kupumzika. Seli ya kawaida hukaa kwenye hasi yake mpaka iguswe. Hizi zikishuka hadi milivolti hasi 60 hivi huanza kuvuja zenyewe, zikapanda polepole, na zikifika karibu hasi 40 milango ya kalisiamu hufunguka na pigo likazaliwa. Mwaka 1979 Hilary Brown, Dario DiFrancesco na Susan Noble, huko Oxford, walieleza mkondo unaochangia uvujaji huo, na ukapewa jina la mkondo wa ajabu, kwa kuwa hufunguka wakati ambao mikondo mingine hufunga milango.

Tumbili: Kwa hiyo kifundo hicho ndicho rais.

Moyo: Ni kiongozi, lakini angalia anavyoongoza. Hakuteuliwa na mtu, wala hana gari la bendera. Anaongoza kwa sababu anawahi. Karibu kila sehemu ya mtambo wangu wa kusambaza umeme inaweza kujivujia na kujipigia; ila ya juu huvuja haraka zaidi, na kila inapopiga, moto wake hufika kwa wengine kabla hawajakamilisha wa kwao, wakarudishwa mwanzo. Ni uchaguzi unaofanyika mara 70 kwa dakika, na hakuna anayekwenda mahakamani. Kwa binadamu, kifundo cha juu hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kikinyamaza, kile cha kati, baina ya vyumba vya juu na vya chini, hushika usukani kwa mara 40 hadi 60. Nacho kikinyamaza, nyuzi za chini hujitahidi kwa mara 20 hadi 40. Manaibu hao wako tayari muda wote, na sijawahi kuwasikia wakiitisha mkutano na wanahabari.

Kichwa: Huo ni ugatuzi! Nilijua tu. Katiba ya 2010 ilituletea kaunti 47, huyu anataka mabilioni.

Hapo yafaa mwandishi aingilie, kwa sababu Kichwa amesema jambo ambalo msomaji naye huenda analiwaza. Mifano ya siasa huchekesha, lakini hufika mahali ikakwama. Kaunti hugawana mamlaka na fedha. Seli za moyo hazigawani chochote, hurudia kitu kimoja kwa zamu. Kama pana ulinganisho wa haki, ni ule wa Tumbili, wa gridi ya umeme, na hata huo ni wa kuonyesha tofauti. Gridi hujengwa kwa mitambo mikubwa michache na waya nyingi zisizozalisha kitu, kwa hivyo pigo moja mahali pabaya huangusha wengi. Moyo umejengwa kinyume: njia ni zile zile seli, na kila seli ina pampu na chaji yake. Umeme haupungui ukisafiri, kwa sababu hausafiri. Unazaliwa upya kila hatua. Hilo ndilo jambo ambalo neno “amri” haliwezi kulieleza, na ndilo ninaloliona kuwa kiini cha ubishi huu wote.

Moyo: Na tena, mheshimiwa, kuna mahali ninapochelewa kwa makusudi, jambo ambalo mtu wa amri hawezi kulivumilia. Kifundo cha kati, alichokieleza Mjapani Sunao Tawara mwaka 1906, hupitisha moto kwa mwendo wa kinyonga, sentimita 5 hivi kwa sekunde, na kuuchelewesha kwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni kwa sababu hiyo vyumba vya juu humaliza kumimina damu kabla vya chini havijakaza. Ukishavuka hapo, moto hushika barabara kuu: nyuzi za Purkinje, zinazoupeleka kwa mita 2 hadi 4 kwa sekunde hadi kila pembe, ili chumba kizima kikaze pamoja. Purkinje aliziona nyuzi hizo mwaka 1839. Waulizeni aliziona katika moyo wa nani.

Tumbili: Wa simba?

Moyo: Wa kondoo.

Kukawa na kimya cha heshima. Hata Maini alitikisika kidogo. Panya, aliyekuwa amejikunyata chini ya kigogo cha kukatia nyama, alijitokeza, na manyoya yake yakafunuka ubavuni.

Panya: Wajukuu, nimesikiliza. Mzee Kichwa anadai amri. Mimi nitasema juu ya mbwa. Mbwa akiniona hukimbilia kuniuma, kwa kuwa mimi ni mzito wa mwendo. Akiniuma tu, huenda akaanguka, na wapo wasioinuka. Mimi hutafuna gome la mti ambao Wamaasai huuita olmorijoi, nikajipaka mate hayo kwenye manyoya ya ubavuni, yenye vitundu kama sponji. Jonathan Kingdon na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka 2011 baada ya kutuchunguza hapa Kenya. Sumu ya mti huo ni ile ile Wawaata wa Tsavo waliyopaka kwenye mishale wakaangusha ndovu. Haigusi akili ya mbwa kwanza. Inaishika ile pampu ya sodiamu na potasiamu ambayo Moyo ameisema, ambayo Jens Skou wa Denmark aliigundua mwaka 1957 katika mishipa ya fahamu ya kaa, na Nobel akaja kuipata mwaka 1997. Pampu ikizibwa, sodiamu hujaa ndani ya seli, kalisiamu hurundikana nyuma yake. Moyo kwanza hupiga kwa nguvu isiyo ya kawaida, kisha hupoteza mpango, kisha basi. Kichwa cha mbwa kiko pale pale, kinatoa amri zote anazozijua mzee huyu.

Kichwa: Ngoja! Nimesoma habari za John Kirk, aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza kule Zanzibar. Akiwa katika safari ya Zambezi pamoja na Livingstone, alibeba sumu ya mishale iitwayo kombe mfuko mmoja na mswaki. Alipopiga mswaki alisikia uchungu, na mapigo yake yakapungua. Yakapungua! Breki hiyo ni mshipa wangu.

Panya: Hapo umelenga, mzee, sikatai. Sumu za aina hiyo kwa kipimo kidogo huichochea breki yako, na ndiyo sababu moja ya madaktari kuzigeuza kuwa dawa ya moyo. Lakini breki haijawahi kuua ndovu.

Kichwa (akiinua sauti, kwa kuwa hoja ilikuwa inamponyoka): Basi nijibuni hili la mwisho. Kama kila seli ni hodari na kila naibu ni mwaminifu, mbona mioyo hupotoka? Mbona watu huanguka? Hapo ndipo ukosefu wa uongozi unapodhihirika!

Moyo: Hufa kwa vingi, ila nitazungumzia kile kinachohusu moto. Nimesema moto haurudi kwenye jivu. Sasa chukua ukuta wangu ambao umepanuka, au umepata makovu, au umekuwa mnene kwa kusukuma damu dhidi ya presha kwa miaka. Moto ukifika kwenye kovu hulizunguka. Upande mmoja huenda haraka, wa pili kwa kusuasua. Na yule mchelewaji akitokeza upande wa pili hukuta nyasi zimeshaota. Basi anaingia tena, anazunguka, hana mwisho. Mizunguko ikiwa mingi, chumba hakikazi tena, kinatetemeka kama mfuko wa minyoo. Watu husema umeme wa moyo umekwisha. Haujaisha. Umejaa kila mahali, na kila seli inafanya kazi yake vizuri, ila wakati si wake. Ikitokea vyumba vya chini, mtu huanguka na hufa kwa dakika chache. Ikitokea vya juu, anaweza kuishi miaka bila kujua, lakini damu iliyotulia chumbani huganda, donge linatoka, linapanda. Unajua linapandia wapi, mheshimiwa?

Kichwa hakujibu.

Moyo: Linakuja kwako. Watu huliita kiharusi. Na si habari za mbali. Mwaka 2007 na 2008, katika iliyokuwa wilaya ya Nakuru, zaidi ya watu 4,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea walipimwa, wa mjini na wa mashambani, na karibu nusu walikuwa na presha ya juu. Nusu! Chumvi ile ile inayoniendesha, ikizidi kwenye sahani, huipandisha presha inayoniharibia njia. Mteja wa hapa akishakatiwa nyama choma hunyunyiza chumvi ubaoni kabla hajaonja.

Mita: Lakini nimeona kwenye sinema, daktari humpiga mgonjwa stima kifuani, moyo ukawaka. Si hapo mnatuhitaji sisi wa gridi?

Moyo: Sinema hukosea, ndugu Mita. Stima ile haiwashi moyo uliozimika kabisa. Inafanya kinyume: inawasha nyasi zote kwa mpigo mmoja, kila mahali pakawa jivu, mizunguko yote ikakosa pa kwenda. Kunakuwa kimya. Na katika kimya hicho, akiwa bado mzima, yule anayewahi huwahi tena. Daktari amekuja kunyamazisha kelele tu. Ama kifundo kikichakaa au njia ikikatika, mgonjwa huwekewa kile ambacho wengi hukiita betri ya moyo. Wa kwanza kuwekewa ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson wa Stockholm, tarehe 8 Oktoba 1958. Alikuja kufa mwaka 2001, akiwa amewazidi miaka mhandisi aliyeitengeneza na daktari aliyeipandikiza. Waya za betri hizo, tangu siku ile mpaka leo, huishia moyoni. Hakuna daktari hata mmoja aliyewahi kuona sababu ya kuzipeleka kichwani.

Kichwa: Nitaunda kamati.

Stima zilirudi saa kumi na moja alfajiri. Mita alilia mara mbili na kuanza kuhesabu. Tumbili na Panya walikuwa wameshatoka kwa njia zao. Mwenye buchari aliinua mlango wa chuma, akavaa koti jeupe lenye madoa ya jana, na mteja wa kwanza, mama aliyekuwa akiwahi matatu ya kwenda mjini, akaomba moyo na maini. Moyo aliwekwa kwenye sahani ya Mizani, mshale ukayumba, ukatulia.

“Gramu 240,” alisema Mizani.

Mama akauliza juu ya kichwa kile cha pale kwenye kaunta, kina uzito gani.

“Kichwa hatupimi,” alijibu mwenye buchari. “Hicho huuzwa kwa kukadiria.”